Damu Isiyoganda

Mtanisamehe, wasomaji, kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliacha shule darasa la sita, na ninaandika polepole. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo. Nikianza mbele ya watu, hugeuka nikaondoka.

Dada yangu mkubwa alikuwa na uvimbe shingoni, vinundu kama njugu vilivyojipanga chini ya sikio. Tuliishi uwanda wa Kano, karibu na Ahero, na yeye ndiye aliyenisemea kila mahali. Dukani kwa Muhindi mimi nilishika kikapu tu, yeye akabishana bei. Alipolazwa hospitali Kisumu, daktari alimdunga dawa mpya kwenye mshipa. Alitapika mpaka nyongo, lakini vinundu vilinywea, tukafurahi. Akaruhusiwa kuja nyumbani apumzike kidogo kabla ya kurudi.

Nyumbani madoa ya zambarau yakamtokea miguuni na mikononi, kana kwamba amepigwa. Fizi zikatoa damu. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Dani, aliyabonyeza madoa yale kwa kidole.

"Hii ni damu mbaya," akasema. "Imekwama chini ya ngozi."

"Dani, daktari alisema nipumzike tu."

"Utapumzika ukiwa mwepesi. Mgongo wa babu yako nani aliutibu, daktari?"

"Na babu yuko wapi sasa?" dada akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Kwetu mtu akivilia damu, huumikwa. Dani alimchanja pajani kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, akafyonza hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta. Alikuwa amewafanyia hivyo majirani wengi, na chale zao zilifunga kabla uji haujapoa. Za dada hazikufunga. Tuliweka majivu, tukafunga kwa kitambaa, damu ikapita, nyepesi kama maji yaliyooshea nyama. Dani akawa anasema tu, "Ganda, mama, ganda," kana kwamba damu ina masikio.

Kalasinga mmoja mwenye lori la miwa alitupeleka Kisumu bila kuuliza kitu. Hospitalini dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alitueleza kwa lugha yetu ya Dholuo maneno ya daktari: dawa inayoua uvimbe huua pia chembe za kugandisha damu. Hawakuwa na dawa ya kuzirudisha. Huenda zingerudi zenyewe, mwili ukipata muda. Kwa sasa alihitaji damu ya mtu, itoke na kuingia saa ileile, kwa sababu katika damu iliyowekwa kwenye baridi chembe hizo hufa.

Nikaenda Mamboleo kwa baba mdogo kumwomba. Siku hizo watu waliogopa kachinja, watu waliosemekana kukamata wengine na kuwanyonya damu wakaiuze.

"Unataka nijipeleke mwenyewe kwa kachinja?" akasema.

"Baba, ni ya dada."

"Leo ni ya dada. Kesho je?" Akatazama pembeni.

Nikatoa mimi, maana damu yetu ilipatana. Chupa ilitundikwa ikiwa bado na joto. Kufikia jioni chale zilikuwa zimekauka. Dada akafungua macho.

"Omera, ndugu yangu, umeniharibu," akasema. "Kwa damu yako hii nitaona haya hata kumwomba dresa maji."

Nilicheka mpaka nikalia.

Haikupita muda, madoa yakarudi, mpaka ndani ya midomo. Nilinyoosha mkono tena, daktari akafunua kope zangu, akaona nimepungukiwa damu, akakataa. Nikaenda kwenye kituo cha mabasi nikaomba kwa sauti, mimi huyu. Watu walinipisha kama mwenda wazimu. Asubuhi moja dada alilalamika kuumwa kichwa, kisha akasema haoni mlango. Mchana hakunijua tena. Akafa kabla ya jua kutua.

Dani sasa hali chakula vizuri. Kila siku ananiuliza kama dada angeishi lau asingemgusa kwa wembe. Nilimuuliza daktari, akasema dawa peke yake ingeweza kumaliza damu vile, halafu akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi sijui. Kama kwenu kuna aliyepewa dawa hiyo ya uvimbe, akatokwa na madoa, akapona au asipone, tafadhali niandikieni, kwa Kiswahili au kwa Dholuo, hata mistari michache. Nitamsomea Dani jibu lolote litakalokuja, hata likiwa baya.