Hatukupewa Chai Murera

Nyinyi vijana mnaoulizana kila siku wakati mzuri wa kununua nyumba ni upi, kaeni chini. Kwangu hamtasikia mambo ya benki. Shule niliiachia darasa la tatu, na riba sijui kuipiga. Lakini nimenunua ardhi mara moja katika maisha yangu, juzi tu, mvua ikianza, na vile ilivyokwenda ndivyo nitakavyowaambia. Mwenye kucheka acheke akimaliza.

Tulikuwa tunaishi Makongeni, Thika, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mimi, kijana wangu wa mwisho ambaye hubeba magunia kiwandani, na watoto wawili wa msichana wangu. Msichana mwenyewe alikuwa Arabuni, akipikia watu wanaochimba mafuta jangwani. Pesa yake ilikuwa inagawanyika mara mbili. Nusu ilikuwa ya unga na karo. Nusu ya pili tuliiita "ya nyumba," na hiyo haikuguswa hata mtu akiwa na homa.

Ijumaa moja, siku yake ya kupumzika, alinipigia mchana nikichagua maharagwe. Sauti ilikuwa chini, hata akiniita maitu, yaani mama.

"Maitu, mafuta imeanguka."

Nikaruka, ungo ukapinduka. "Imekuchoma wapi? Uso ama mkono?"

"Hapana, maitu. Si ya kupika. Ile ya kuchimba. Bei ndiyo imeanguka."

"Haiya! Na unaniambia na sauti ya matanga? Hiyo si baraka? Nauli itarudi chini, na mafuta taa pia."

Akanieleza polepole. Huko kwao bei ikianguka, visima vinafungwa. Visima vikifungwa, kambi inafungwa. Na kambi ikifungwa, mpishi atampikia nani? Wenzake wa jikoni walikuwa wameanza kupewa tiketi za ndege, wanaambiwa asante, nendeni nyumbani.

"Nunua nyumba, maitu," akasema. "Nunua haraka kabla hawajafika kwa jina langu."

Nilikaa na yale maharagwe sakafuni. Miaka yote hiyo nilikuwa kanisani naomba mafuta yashuke bei, na kumbe nilikuwa naomba msichana wangu afukuzwe kazi.

Jumatatu yake mwenye nyumba akaja. Mtu mpole, hata akikufukuza. Alisema nyumba hizo za zamani zinabomolewa, anajenga ghorofa, kwa hivyo tumpe chumba mwisho wa mwezi. Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini? Jengo ni lake.

Basi sasa mnaona nilivyobanwa. Huku tunatolewa, kule mwenye kutulisha anatolewa, na kilichobaki katikati ni ile pesa moja ya nyumba. Ikikosewa, haitarudi mara ya pili.

Kijana wangu hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa na simu inayomwonyesha bei ya pipa la mafuta, na kila jioni aliifungua kabla ya kuvua viatu.

"Mathe, tungoje. Imeshuka tena."

"Na wewe unafurahi?"

"Sifurahii dada yangu. Nasema hivi: wale watu wa Arabuni wanarudi wengi. Kila mtu aliyejenga huko Murera na Theta alijenga na pesa ya huko. Sasa wote wanarudi mkono mtupu, wote watauza. Tukingoja wiki tatu, tutaokota nyumba kama embe imeanguka."

Hakuwa amekosea. Ukienda upande ule utaona geti kubwa nyeusi, ndani nyumba nzuri ya mawe, madirisha yamezibwa na karatasi ya nailoni. Ukiuliza, mwenyewe yuko Arabuni. Mafuta yakipanda, fundi anaitwa, ukuta unapanda. Mafuta yakishuka, fundi anaenda kwao, na nyasi zinaota sebuleni. Mabroka wa Ruiru wanajua bei ya hilo pipa kuliko bei ya sukari.

Nilienda kwa mmoja wao Ruiru, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Alinikaribisha na meno yote.

"Shosho! Umekuja wakati Mungu amefungua mlango. Nina nyumba Murera, vyumba vitatu, imebaki madirisha na sakafu. Kijana amerudi juzi tu. Anauza bei ya hasara."

"Hasara ya nani?"

"Yake, shosho. Yako ni faida."

Tukaenda siku ya pili, mimi, kijana wangu na broka. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mawe ya Ndarugo yamepangwa vizuri, paa nyekundu, tangi la maji. Mwenyewe alikuwa kijana wa umri wa msichana wangu, amevaa bado ile jaketi ya kazi ya huko, yenye mistari ya kung'aa. Alitutembeza chumba kwa chumba. Hapa ni pa kulala, hapa ni jikoni, hapa nilitaka kuweka dirisha kubwa. Akifika kwa "nilitaka," anatupitisha haraka chumba kingine.

Kijana wangu alikuwa anagonga kuta na vidole kama daktari. Broka alikuwa nyuma yangu anasema mnaona, mnaona. Mimi nilikuwa namtazama mke wa yule kijana. Alikuwa uani anafua. Alitusalimia vizuri, akapangusa hata mkono akanipa, kisha akarudi kwa beseni. Tulizunguka nyumba, tukaonyeshwa mpaka, tukakaa kwa viti sebuleni tukaongea bei. Yeye alifua. Nguo zilipokwisha, alizitia tena kwa maji akaanza upya.

"Basi shosho," broka akasema, "tumekubaliana? Tushuke kwa wakili leo leo. Kuna mtu mwingine anakuja jioni."

"Hatujakubaliana," nikasema. "Hatujakunywa chai."

Broka akacheka. Alifikiri natania. Alipoona sikucheka, alitoka mbio mpaka dukani akarudi na soda tano, bado anahema. "Shosho, kunywa! Na ni baridi!"

"Soda ya broka si chai ya mwenye nyumba."

"Mathe, tafadhali," kijana wangu akaninong'oneza. "Unatuaibisha."

Nyinyi hamjui, kwa hivyo nitawaeleza. Kwetu mgeni haingii nyumbani akatoka bila chai, hata kama ni ya rangi, hata kama ni mtu wa kudai. Mwanamke akikuacha ukae sebuleni kwake saa nzima bila kikombe, hajasahau. Amekuambia neno. Na mke wa mtu asipokubali, hiyo ardhi unanunua na kesi yake. Broka alisema mke atasaini tu, kidole ni kidole. Nikamwambia kidole pia kinaweza kukuonyesha mlango. Nikainuka.

Usiku wa nyumbani sitawaeleza. Kijana wangu hakula. Alisema tumepoteza nyumba kwa sababu ya maji moto na majani.

Nilirudi Murera peke yangu, na kiondo changu, ndani sukari, unga na majani. Mume alikuwa ametoka kutafuta kibarua. Mke aliniona getini akasimama na mikono kiunoni.

"Umerudi kupima paa?"

"Paa nimeiona. Nimerudi kukuona wewe."

"Mimi siuzwi."

"Ndiyo maana nimekuja."

Maneno yakamtoka kama bomba limepasuka. Kila wiki mume wake analeta mtu, na kila mtu akija anaangalia juu, hakuna hata mmoja anauliza wakiuza wataenda wapi na watoto. Pesa ilitoka Arabuni, ndiyo, lakini maji ya kuchanganya simiti alichota yeye, akiwa na mimba. Usiku alilala kwa mawe ili yasiibiwe. "Na nyinyi mnakuja vile mafuta imeanguka, kama mwewe ameona vifaranga."

"Mimi pia nina msichana huko," nikamwambia. "Anapika kambini. Wenzake wameanza kurudishwa."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza vizuri. Nilifikiri atanihurumia. Hakunihurumia.

"Basi ngoja, mum. Na yeye atarudi vile wangu amerudi. Halafu kuna mama atakuja na kiondo kuangalia paa yenu."

Nimepigwa na maneno mengi katika maisha yangu, lakini hilo lilinipata mahali pake. Nilikaa kwa jiwe lililobaki la ujenzi. Yeye alikuwa anajua hataweza kumzuia mume milele, maana karo na njaa zinasaini pia. Mimi nilikuwa najua mwisho wa mwezi hauna huruma. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mahindi ya kumwagilia, yamefika magotini, nusu nzima ya ploti, mpaka kwa barabara ya pili.

"Hayo mahindi ni yenu?"

"Ni yetu."

"Yana geti yake?"

"Hayana, lakini barabara inapita. Kwa nini?"

"Niuzieni mahindi. Nyumba bakini nayo."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza kwa kijiti kwenye vumbi. Serveya, yule mpima ardhi, akate ploti mara mbili, taito, zile hati za ardhi, ziwe mbili. Mimi nipewe nyuma, kwa bei ya kawaida, siyo ya hasara. Wao wapate cha kula na cha kuanzia, na hakuna mtu atakayewatoa. Mimi nisimamishe mabati, nihame. Ikiwa mume atakubali na yeye atakubali, twende kwa wakili wote watatu, broka akitaka atukute huko.

Alikaa akiangalia ile michoro. Kisha akauliza, "Hayo mahindi utayang'oa?"

"Utavuna kwanza upande mmoja. Mimi nitajenga upande wa barabara."

Hakusema ndiyo. Aliingia jikoni. Nilisikia kiberiti, nikasikia sufuria, na baada ya muda nikasikia harufu ya maziwa. Alinipa kikombe kimejaa mpaka mdomoni. Kilikuwa na sukari nyingi hata kwangu, nikakimaliza.

Jioni mume alirudi, akakubali pia. Kijana wangu aliposikia alishika kichwa. "Mathe! Watu wanaokota nyumba nzima na wewe unanunua nusu ploti? Na bei ya kawaida? Ungengoja wiki mbili tu, huyo jamaa angelia mwenyewe."

"Angelia. Na mimi ningekuwa nje na vitanda, namngojea alie."

"Lakini bei bado inashuka!"

"Ikishuka zaidi, dada yako atatuma na nini?"

Akaweka simu kando. Lakini mwenye pesa alikuwa bado hajasema, na huyo ndiye niliyemwogopa. Ijumaa nilimpigia mimi. Nilimweleza yote bila kupamba.

"Maitu," akasema, "nilikutumia pesa ya nyumba, wewe unanunua mahindi?"

"Nanunua pa kulala. Mawe utaweka wewe ukipata."

"Miaka yote hii mimi nasema nitarudi kwa nyumba ya mawe. Sasa nitarudi kwa mabati?"

"Ndiyo."

Alilia. Sikumnyamazisha, maana mtu ana haki ya kulilia jasho lake. Alipomaliza akauliza, "Pesa itabaki?"

"Itabaki."

"Nyingi?"

"Ya kula ukirudi, ukitafuta kazi bila kukimbizwa. Ningenunua ile nyumba, ungepata madirisha hakuna na sufuria tupu."

Akapumua. Kisha akaniambia alichokuwa amekificha tangu simu ianze: jina lake lilikuwa limefikiwa. Kambi inafungwa mwezi ujao. "Basi weka sahihi, maitu," akasema. "Weka kabla sijageuza roho."

Tuliweka sahihi kwa wakili Ruiru, mume, mke na mimi. Broka alikuja, akachukua chake, akaniambia shosho wewe ni mgumu kama ngozi ya ng'ombe. Nikamshukuru.

Tulihama Makongeni siku ya mwisho ya mwezi. Fundi alikuwa amesimamisha mbao na mabati ya ukutani, paa upande mmoja bado. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kilimambogo. Yule mke wa nyumba ya mawe, sasa jirani yetu, alikuja kutusaidia kushusha vitu, watoto wanagombana kuhusu nani atalala karibu na dirisha ambalo hata halikuwepo. Kijana wangu alikuwa amesimama katikati ya mahindi, simu mkononi.

"Mathe, unajua leo mafuta imepanda kidogo? Labda hata kambi haitafungwa. Labda tungengoja..."

Nilimwambia aweke simu mfukoni, apande juu, apigilie mabati yaliyobaki kabla mvua haijafika. Watoto niliwaambia waache kelele, waingize kitanda cha mama yao kwanza, wakiweke mahali paa imekamilika, watandike, na mtu yeyote asikikalie.