Bafta ya Vumbi

Nyumba yangu ya Kibiti ina gereji. Nilipoijenga, baada ya kurudi kutoka Muscat, watu wa mtaa walisimama kuitazama, maana kwetu magari hulala uani pamoja na kuku. Sasa hata langu hulala huko. Gerejini nimeweka karakana ya useremala: msumeno wa meza, mashine ya randa na benchi la mninga nililolichonga kwa mikono yangu. Nina stashahada ya ufundi. Ada yake niliilipa kwa kubeba magunia sokoni, hakuna mjomba aliyenisaidia, kisha nikafanya kazi katika kiwanda cha milango Uarabuni hadi wakanikabidhi funguo za karakana nzima. Nayasema haya ili ieleweke kwamba tatizo la vumbi halikumkuta mjinga.

Maranda ya randa hayana shida. Ni mazito, huanguka miguuni, unayafagia na kumpa mfuga kuku. Unga wa msumeno ni kitu kingine, na unga wa mbao za mkongo ndio mbaya kuliko wote. Ukikata mbao asubuhi, adhuhuri bado unauona ukielea kwenye mwanga wa dirisha. Hukereketa koo na kuwasha pua. Mimi nilivaa barakoa. Mama hakuvaa.

Mama anaishi nami. Nilimtoa kijijini Mahege nikamjengea chumba chenye choo ndani, lakini kile chumba kwake ni cha kulala tu. Mchana kutwa hukaa kwenye baraza iliyo ubavuni mwa gereji, juu ya jamvi, akisuka ukili, kwa sababu kutoka pale anaiona barabara na kila apitaye humsalimu. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani kwa moshi wa kuni. Nilipoleta msumeno kikazidi. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha wakaniuliza mimi nafanya kazi gani.

Nilimwomba ahamie baraza ya nyuma.

"Nyuma kuna nini?" aliuliza.

"Kuna hewa, mama."

"Hewa haisalimii mtu."

Dada yangu ameolewa Salale, kule kwenye mikoko. Alinipigia simu akasema, "Kaka, mama anakohoa mpaka namsikia huku bila simu. Mpunga ukishaingia ndani nakuja kumchukua." Dada yangu akisema kitu hufanya. Lakini Salale mgonjwa husafiri kwa boti, na boti husubiri maji kujaa. Kifua kikifunga wakati maji yametoka, hakuna pa kumpeleka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. La pili, silifichi, ni kwamba sikutaka mama yangu aonekane barabarani na furushi lake akiihama nyumba niliyoijenga kwa ajili yake.

Nikaamua kulikamata vumbi. Kiwandani Muscat tulikuwa na mtambo wa kulivuta, mkubwa kama nyumba. Wangu niliubuni kwa vitu vya hapahapa. Mota niliitoa kwenye mashine ya kukobolea mpunga iliyokufa. Panga za feni nilizikata mwenyewe. Kutoka kwenye kila mashine nilipitisha bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji machafu, na kila bomba nikaliwekea kilango cha bati ili nifungue linalohitajika na kufunga mengine, upepo usigawanyike. Mabomba yote yanakutana kwenye koni ya bati, kama ile iliyo juu ya mashine za kusaga nafaka. Vumbi likiingia humo huzungukazunguka, likachoka na kuanguka kwenye pipa lililo chini. Mafundi wawili wa mjini walikuja kuutazama. Walipiga picha.

Likabaki vumbi jepesi kabisa, lile lisiloanguka, linalotoka na upepo. Mashine za kusaga huufungia upepo huo mfuko wa kitambaa, lakini kitambaa chao hupitisha. Ndiyo maana msagishaji hurudi nyumbani ana nyusi nyeupe. Nilifikiri sana. Kanga ina matundu makubwa. Turubai haipitishi hata upepo. Bafta ikishonwa mbili mbili, niliona, ingefaa.

Nikaenda kwenye duka la vitambaa karibu na stendi nikaagiza bafta nyeupe ya kutosha mfuko unaonizidi kimo. Nikaongeza bunda la pamba ya kuziba masikio, kwa kuwa ile feni ilinguruma. Mwenye duka hakuuliza kitu. Nilipokata bei alikubali mara moja, akaniongezea kipande kizima bure, akaufunga mzigo kwenye gazeti na kunikabidhi kwa mikono miwili. Akina mama waliokuwa wakichagua kanga walinipisha. Nilitoka nimeridhika. Kukata bei nilijifunza Muscat, nikadhani hayo ndiyo matunda yake.

Miaka mingi ya ugenini ilikuwa imenisahaulisha kitu ambacho kila mtu wa Kibiti anakijua: bafta na pamba havinunuliwi pamoja ila kwa kumvika maiti. Na kwa kuwa kifua cha mama kilijulikana hadi sokoni, hakuna aliyehitaji kuuliza ni maiti gani.

Usiku ule niliushona mfuko, na asubuhi nikaufunga. Nikaiacha simu chumbani, nikaziba masikio kwa pamba, nikawasha. Mfuko ulijaa upepo ukasimama wima. Nikaanza kukata mkongo.

Yaliyotokea barazani nimesimuliwa na mama, na kwa kuwa huyasimulia kwa kila mgeni, nayajua vizuri. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi na ukili wake walipofika wanawake wa mtaa wa juu, kanga vichwani, mmoja ana kikapu cha mchele.

"Karibuni," mama aliwaambia. "Mnakwenda kuzika wapi mapema hivi?"

Walitazamana. "Hapa, bibi," alisema mwenye kikapu.

"Hapa kwangu? Kafa nani?"

"Tumeambiwa… ndiyo wewe."

Mama akauweka ukili chini. "Nimekufa lini?"

"Jana alasiri. Mwanao kanunua bafta."

"Basi kaeni. Huo mchele upelekeni jikoni, msirudi nao. Mkija msibani, mmekuja msibani."

Wakaongezeka. Wengine walitoka Mahege. Kutoka kijiji cha Mkongo akaja bibi mmoja ambaye ni mtani wa mama, na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema marehemu. Alishuka kwenye pikipiki ameshika kiuno.

"Nimepigwa na matuta njia nzima nije kumlilia mtu," alisema, "nafika namkuta anasuka. Hii ni haki?"

"Rudi kesho, labda nitakuwa tayari," mama alimjibu.

"Kesho sina nauli. Kufa leo."

"Tangulia wewe, unionyeshe njia."

Mtani akadai kuiona nguo ya marehemu, kwa kuwa ni haki yake. Wakamwelekeza gerejini. Mimi niliona kivuli, nikageuka, nikawakuta wanawake wamejaa mlangoni wamejifunika kama wa matangani. Nikatoa pamba masikioni. Yule bibi alikuwa akiutazama mfuko, umetuna na unatetemeka.

"Mjukuu wangu," alisema, "huyu maiti wako mbona kanenepa hivi?"

Nikazima mota. Mfuko ukasinyaa, ukalala.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo kafa."

Niliwaeleza kila kitu, kuanzia koni hadi vilango vya bati. Walinisikiliza kwa adabu ya msibani. Kisha mama akapaza sauti kutoka barazani: "Endelea na kazi yako, baba. Nataka kuona."

Nikaendelea. Nilikata mbao zote za mkongo zilizokuwapo, ambazo nilikuwa nimezihifadhi kwa milango ya mteja, huku wao wakiupika ule mchele na kuula.

Dada yangu alifika alasiri. Habari ilimkuta asubuhi kule Salale, akanipigia simu ambayo sikuisikia, akawahi boti ya kwenda bandari ya Nyamisati, na njiani majini mtandao haushiki. Tulimsikia kilio tangu barabarani. Alipoingia uani akamwona mama anakunywa chai, alinyamaza, akakaa chini palepale mchangani.

"Nimekupigia mara ngapi?" aliniuliza alipopata pumzi.

"Nilikuwa nimeziba masikio."

"Kwa pamba ya maiti."

"Kwa pamba ya dukani."

Akamgeukia mama. "Mama, kusanya nguo zako. Safari hii ni maneno ya watu. Ijayo itakuwa kweli."

Hapo mtani akadakia. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi namsikiliza akohoe nifurahi. Kakohoa mara moja, nayo kwa kucheka. Siku yangu imepotea."

Mama alipitisha kiganja juu ya jamvi, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo, akakitazama, kisha akamnyooshea dada yangu. Kilikuwa safi.

"Mwanangu," mama alimwambia, "rambirambi za hapa nimeshazipokea na mchele wake nimeula. Nikienda kwako wataanza upya. Niache niwatazame wapita njia."

Dada akanigeukia. "Uzime mtambo siku moja tu," alisema, "nitajua."

Watu walipoanza kutawanyika mama aliniita. Aliuliza kama bafta imebaki. Nikamletea kile kipande cha bure na masalio mengine. Akavipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi vidole.

"Haitoshi. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Kaongeze."

Dada yangu akalia upya, safari hii bila sauti. Mama aliurudia ukili wake.

Kesho yake nilirudi kwenye lile duka. Mwenyewe alikuwa amekwisha kusikia.

"Injinia, leo ni ya mashine au ya mtu?"

"Ya mtu."

"Yu hai?"

"Yu hai. Kaniagiza mwenyewe."

"Basi bei ni kamili," alisema, na ufundi wangu wote wa kukata bei haukumpunguza chochote.

Ile bafta ipo kwenye kabati la mninga nililomtengenezea mama, lenye droo zisizokwama hata masika. Mfuko wa kwanza wa mashine ulikwisha kuchakaa, nikashona mwingine kwa kitambaa nilichokinunua Ikwiriri, bila pamba. Mtani wake kila akipita huuliza kama nguo bado ipo. Mama humjibu kwamba ipo, na asiitolee macho, haimwenei.