Sufuria Kubwa la Shuleni

Juzi nilimpeleka mwanangu shuleni hapa Kibiti. Harufu ya makande jikoni kwao ikanirudisha utotoni Maparoni, nikiwa darasa la pili.

Mchana mmoja tulitoka darasani tukakuta sufuria kubwa limeinjikwa uwanjani, moshi wa kuni za mkoko unawasha macho. Kwetu sufuria kama lile lilitoka kwa harusi au msiba tu, na vigelegele sikuvisikia. Nikaanza kulia.

"Unalilia nini?" akauliza bibi mpishi.

"Nani kafa?"

Akaweka upawa chini, akanifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Hajafa mtu, mjukuu wangu. Chakula chenu hiki, shule imeanza kuwapikia leo. Na kesho kipo."

Sikumwamini mpaka kesho yake.

"Mama, makande tena?" mwanangu alinung'unika juzi. Sijawahi kusikia lalamiko tamu kama lile.