Sauti Iliyokataa Kufutika

Kompyuta ya nyumbani kwetu Bungoma ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mama hakuruhusu mtu kuigusa kabla ya kunawa mikono. Niliinunua ikiwa mtumba kule Kitale, nilikokuwa nikifundisha watu kompyuta katika chuo kidogo juu ya duka la mbolea. Siku niliyoileta nilimwita baba ajaribu maikrofoni. Nilimwambia aseme chochote. Mzee akavuta kiti, akaanza kumsema mama, aliyekuwa jikoni: mahindi yamechelewa kupandwa, ng'ombe anafungwa vibaya, chai inaletwa ikiwa imepoa. Mama naye akawa anamjibu kutoka kule kule. Ni dakika chache tu. Nikaihifadhi, nikaisahau.

Baba alipofariki, mama ndiye aliyeikumbuka. Nilimwonyesha mara moja pa kubofya, na tangu hapo kila alasiri, akitoka shambani, alifunua kitambaa, akamfungulia mzee. Na alimjibu. Majirani waliopita walisikia watu wawili wakigombania mahindi, na mmoja wao alikuwa kaburini nyuma ya nyumba. Hebu fikiria maneno yaliyozunguka sokoni.

Maneno hayo yakafika Lugulu kwa senge, dada mkubwa wa baba. Kwetu neno la senge kuhusu marehemu wa ukoo halirudishwi. Angesema nyumba ihamishwe, tungeanza kung'oa mabati. Alikuja bila kutuma habari, akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani, akaagiza niitwe kutoka Kitale. Mtu akishazikwa, alisema, huachwa apumzike, na mama asipoacha mchezo huo hatamaliza kuomboleza.

"Hiyo kitu itoke," akaniambia nilipofika. "Na itoke nikiona."

Mama hakubishana naye. Alinifuata tu nje nilipoenda kunawa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama siwezi kwenda nayo Kitale, ikae huko mpaka watu wasahau. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nilikuwa na flashi mfukoni. Senge alipoinamia mkoba kutafuta miwani yake, nikanakili ile sauti, nikachomoa flashi, nikamkonyezea mama. Alitabasamu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu senge abishe hodi.

Sasa kufuta. Nikabofya, kompyuta ikakataa, ati faili linatumika. Kumbe mama alikuwa ameifungua sauti asubuhi na kuiacha imejikunja pale chini ya skrini. Nikaifunga. Ikakataa tena. Senge akauliza kuna nini, nikasema hakuna, ni mashine tu imezeeka. Nikazima, nikawasha. Ikakataa. Folda yenyewe ndiyo ilikuwa ikiisoma ile sauti kila nilipoifungua, na haikutaka kuiachilia.

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi, ninayelipwa kufundisha watu mambo haya haya, nishindwe mbele ya senge? Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikazima kila kitu kingine kilichokuwa kikiendelea mpaka skrini ikabaki tupu, nikaandika amri ya kufuta. Ikaenda. Bado sikutosheka. Nilikuwa na programu ya kusugua diski, ile inayohakikisha kwamba hata fundi wa kurudisha mafaili hatapata kitu, nikaiendesha nayo. Nilikuwa nafurahia, Mungu anisamehe. Nilisahau kabisa kwamba niliyekuwa nashindana naye ni baba yangu. Ilipomaliza, senge akasema amina, akaomba chai.

Jumatatu, Kitale, nikachomeka flashi kwenye mashine ya chuo. Miaka ile kompyuta zetu zilikuwa zimejaa virusi, na mimi ndiye niliyewafokea wanafunzi kila asubuhi wasichomeke chomeke vitu ovyo. Lakini nilitaka kumsikia mzee. Majina ya mafaili yakageuka herufi zisizosomeka, na nilipochomoa na kuchomeka tena, mashine ikaniambia flashi ni tupu, niitayarishe upya kwanza. Nilijaribu kila programu ya kurudisha niliyoijua, na nyingine nilizoazima. Mwisho wa wiki nikaenda Bungoma kwa kisingizio cha kupangusa vumbi ndani ya kompyuta, nikachimba kule pia. Hakuna. Aliyesugua ni mimi, na nilisugua vizuri. Laiti ningekuwa fundi mbovu.

Mama hakuniuliza kitu. Alijua tunangoja watu wasahau, kama tulivyopatana, na kila nilipoondoka kurudi Kitale aliniambia nichunge vitu vyangu vizuri. Nilimwitikia. Nilijiambia nitamweleza nikija tena, na nilipokuja tena nikajiambia hivyo hivyo.

Mwaka ukaisha, tukafanya ibada ya kumbukumbu. Wageni walipotawanyika, senge alibaki kwenye kochi lile lile, amevua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Kisha akasema ameanza kuisahau sauti ya ndugu yake. Uso anaukumbuka, lakini akijaribu kumsikia akiongea inakuja sauti ya mtu mwingine. Akasema labda tuliharakisha. Machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona senge akilia, hata mazishini.

Mama akasogea, akamwekea mkono gotini. Alikuwa akitabasamu.

"Usilie. Iko Kitale. Huyu alienda nayo ile siku, wewe hukuona."

Wote wawili wakanigeukia. Senge alikuwa anajifuta macho kwa leso, uso umechangamka, wala hakukasirika kwamba tulimzunguka. Aliuliza tu kama naweza kuileta Jumamosi.

Nikawaambia. Niliwaambia habari ya virusi, nikawaambia habari ya kusugua, nikakosa neno la Kiswahili la mambo mengine nikayaeleza kwa mikono. Senge akafunika uso kwa leso. Mama hakulia. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayetaka kuelewa maelezo ya daktari.

"Yote imeenda?"

"Yote, mama."

"Hata pale mwisho, pale anacheka?"

"Hata pale," nikasema.