Nilivyojieleza Mbele ya Kamati ya Harusi

Ilikuwa saa saba na dakika hamsini na mbili mchana, Jumamosi, nilipofika kwenye kumbi za kanisa kule Moshono, na aibu niliyotoka nayo pale ndiyo inayonifanya hadi leo nizungukie barabara ya nyuma.

Nina miaka arobaini na tisa, ni fundi wa pampu za maji Sombetini (kazi nilijifunza vitabuni), na wiki tatu kabla ya siku hiyo daktari aliniambia nina usonji. Mimi nilidhani ni wa watoto. Akanielekeza kwenye kikundi cha watu wazima wanaokutana hapo saa nane kamili, viti vya duara. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Nilitaka kuanza na watu watakaonielewa, basi nikaandika maelezo ukurasa mzima nikayakariri.

Getini palikuwa na mlinzi. Ningemuuliza, yakaisha. Lakini kumuuliza mtu nisiyemjua kunanitoa jasho, nikaamua kujiongoza mwenyewe: saa nane, viti vya duara. Na kweli, saa nane kamili chumba cha kwanza kilikuwa na watu kumi na wawili kwenye duara, nikaingia, nikakaa.

Mama mmoja mwenye daftari akasema, "Haya tuanze. Mgeni ajitambulishe."

Nikasimama nikayamwaga yote: usonji, kelele zinavyonitesa, na jinsi nilivyojificha jikoni siku ya harusi yangu mwenyewe hadi keki ikakatwa bila mimi.

Mzee mmoja akakohoa.

"Pole sana, baba," mama akasema. "Na ahadi yako kiasi gani?"

Nikaona sawa, kikundi kina gharama zake. Nikatoa elfu hamsini taslimu, wakanipigia makofi, nusura nilie kwa kuwa hatimaye nimepata watu wangu.

"Sasa," mzee akauliza, "wewe ni upande wa bwana harusi au bibi harusi?"

Kumbe ilikuwa kamati ya harusi, na kikao chao cha saa sita ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza! Arusha nzima ni mimi tu niliyeamini kwamba walioketi saa nane ni wa saa nane. Nikatoka nikigonga viti, nyuma yangu sauti ikisema, "Huyu si mume wa Mama Neema wa kwaya?"

Chumba cha pili walikuwepo wanne, wote wamefika mapema. "Kaa tu," mmoja akaniambia. "Ukuta ni wa mbao, tumeshakusikia. Mimi harusini kwangu nilijificha stoo."

Nikakaa saa nzima, nikacheka kuliko mwaka mzima uliopita, kisha nikakimbilia nyumbani nimuwahi mke wangu. Simu ilishaniwahi. Alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Baba Neema, kumbe zilikuwa kelele? Miaka ishirini na miwili nadhani ulikuwa unajuta kunioa."

Tangu siku hiyo namuuliza kila mlinzi, hata mahali ninapopajua. Fedha sikuzidai, maana kwa hesabu yangu, harusi yangu imepona kwa shilingi elfu hamsini.