Jirani Aliyejua Macho Yangu

Mimi Bernadina wa Nambis si mtu wa kusema watu, lakini Scolastica nitamsema, na akisikia, asikie! Miaka thelathini tumelima mashamba yanayopakana. Binti yangu Loveness alipofariki, Scolastica ndiye aliyenifunga mjukuu mgongoni. Huyo mjukuu, Violeth, sasa ana miaka saba. Baba yake, Tito, hakuonekana tangu mazishi. Mwaka huu kaibuka kutoka Gendabi na mke mpya, akaenda mahakamani kumdai mtoto. Jamani!

Hakimu akaagiza daktari anipime, na afisa ustawi wa jamii aje kuona tunavyoishi. Nikashikwa na hofu. Macho yangu yamefifia, watu nawatambua kwa sauti. Hilo nilimwambia Scolastica peke yake, maana ndiye anayenichambulia maharage. Akanicheka. "Dada, mbona mwoga hivyo?" Alikuwa ameshapimwa macho kwa daktari huyohuyo, akanikaririsha zile herufi za ukutani mstari kwa mstari. Kwa daktari nikazitaja zote, naye akaandika kwamba naona vizuri. Njia nzima ya kurudi tulicheka kama wasichana.

Siku ya uamuzi, hakimu akasoma ripoti ya afisa ustawi: "Jirani wa karibu anaeleza kuwa bibi haoni vizuri, na mtoto hukosa shule ili amwongoze."

Jirani gani mwingine alijua? Mdomo uleule ulionifundisha herufi!

"Bibi, ni kweli haya?" hakimu akauliza.

"Ni uongo, mheshimiwa."

Hakuniamini. Akasema cheti cha daktari hakifuti siku za shule alizokosa mtoto, hivyo aende kwa baba yake. Violeth alinishika kanga akilia, Tito na mkewe wakambandua kidole kimoja kimoja, wakaondoka naye.

Scolastica alikuwa ananisubiri kwenye baraza ya mahakama.

"Dada, afisa aliniuliza habari za mtoto, nikashindwa kudanganya. Wiki aliyokuja, Violeth alikosa shule siku nne."

"Umeniuza! Si ungeniambia mimi kwanza? Mnafiki mkubwa wewe!"

Nilimtukana mbele za watu, na sijutii hata neno moja. Yeye akanishika mkono.

Nilitaka kuukwapua. Lakini mbele yetu kulikuwa na ngazi za kushuka, sikujua ziko ngapi, na Violeth hakuwepo wa kunihesabia. Nikamwacha anishike.