Leah Aliyajua Macho Yale

Mwaka 1948 mshenga Boazi alipanda hadi Ikinga kumposea Danford wa Chapwa mke. Alipokwisha kunywa togwa, akauliza kama ilivyo desturi, "Ukoo huu una ukoma? Kifafa? Wazimu?"

Wazazi walikuwa wamekufa, kwa hiyo Leah alimjibia mdogo wake Ruti, aliyekuwa akiposwa. "Hakuna, baba. Mama alikufa kwa homa."

Mama yao alijitosa mtoni Ruti akiwa na siku tisa. Bibi yao alifungwa kamba kila alipozaa, mpaka ugonjwa umpite. Lakini Leah alizaa watatu salama, akaamini Mungu ameshaisamehe nyumba yao.

Ruti alipojifungua mtoto wa kiume, Leah alishuka Chapwa kumwuguza. Siku ya nne Ruti hakupata usingizi. Siku ya tano alifagia uwanja kabla ya jogoo, akatwanga, akaimba tenzi huku akicheka peke yake. Nesta, mama mkwe, alifurahi mno.

"Leah, umekuja kuuguza au kuuguzwa? Ruti, mfundishe dada yako kazi!"

"Mama, mtoto huyu ananitazama kama mzee," Ruti alisema. "Si wangu."

"Ni wa Danford! Pua hiyo ataikataa nani?"

Leah hakucheka. Macho yale aliwahi kuyaona kwa mama yao. Neno moja lingetosha: mwondoeni mtoto, mlindeni mama. Lakini neno hilo lingemrudisha Ruti Ikinga kwa aibu, na usharika mzima wa kanisa ungejua Leah alidanganya.

"Amechoka tu," alisema.

Alimlinda peke yake siku mbili, kucha kutwa. Siku ya tatu, mchana, usingizi ulimshinda. Alipozinduka, Ruti alikuwa ameketi kando ya mtungi wa maji, mikono imelowa hadi viwikoni, ametulia.

"Nimemrudisha kwao," alisema.

Ndipo walipomfunga. Baada ya miezi miwili ugonjwa ulimwacha, kama ulivyokuwa ukimwacha bibi. Asubuhi moja aliamka na akili zake zote, akajipapasa kifua kilichokauka.

"Dada, mlete mtoto anyonye."

Leah alimweleza yote, na habari za mama pia. Ruti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

Ruti akageukia ukutani. Alirudishwa Ikinga, akasali kanisa moja na Leah miaka tisa, mpaka Leah alipozikwa, na hakumsemesha tena.